Kisiwani na Kitabu Kimoja

Ilikuwa siku ya Alhamisi, muhula wa pili, wakati mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotutupia swali. Alisema, "Chukueni kwamba chombo kimezama. Mawimbi yamekutupa kwenye kisiwa kisicho na mtu wala moshi. Umeruhusiwa kukaa na waandishi watatu tu. Utawachagua akina nani, na kwa nini?" Akatueleza kwamba swali lenyewe si lake. Redio ya BBC kule Uingereza imekuwa ikiwauliza watu mashuhuri jambo kama hilo tangu mwaka wa 1942. Kila mgeni huchagua sahani nane za muziki na kitabu kimoja, na huambiwa kuwa Biblia na vitabu vya Shakespeare atavikuta vikimngojea hukohuko kisiwani.

Basi darasa zima lilichafuka kama soko la Rodi Kopany. Ndugu mmoja wa Kidato cha Pili akasema yeye atamchukua Ken Walibora wa Siku Njema, Ken Walibora wa Kidagaa Kimemwozea, na kama bado kuna nafasi, Ken Walibora tena. Dada mmoja wa Kidato cha Nne akamtaja Assumpta Matei aliyetuandikia Chozi la Heri, akidai kwamba kisiwani atahitaji angalau mwanamke mmoja wa kuongea naye. Mweka hazina wetu, ambaye hana masihara hata kidogo, aliuliza kama kisiwa hicho kina umeme. Mwingine akamtaja Grace Ogot, na kelele zikapanda: "Huyo si wa Kiswahili!" Ni kweli, mama huyo aliandika kwa Kiingereza na Kijaluo, lakini mimi moyoni nilisema, anayeijua pwani hii yetu na mvua zake kwa nini afukuzwe?

Mimi sikunyosha mkono. Si kwamba sikuwa na jibu. Nilinyamaza kwa sababu kisiwani nimeshatupwa, nami nilikuwa na mwandishi mmoja tu, na habari hiyo nilikuwa nimeificha. Leo nimeamua kuitoa humu jaridani, ijapokuwa kuna mwalimu mmoja ambaye akifika mwisho wa ukurasa ataniita ofisini.

Kwetu ni Nyatike, kaunti ya Migori, mwendo mfupi kutoka ufuo wa Sori katika ghuba ya Karungu. Baba alifariki nikiwa darasa la saba. Kaka yangu mkubwa wakati huo alikuwa Kidato cha Pili, tena kichwa kwelikweli, hasa kwa insha. Mwalimu wake alikuwa akizisoma insha zake mbele ya madarasa mengine. Baada ya mazishi wazee waliketi, na mimi sikuitwa. Nilichoona ni kwamba muhula ulipofunguliwa sare yake ilibaki kwenye msumari, naye akaingia ziwani. Mwaka uliofuata sare ileile ilishonwa upya kwa ajili yangu. Sijawahi kumsikia akilalamika, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko kama angelalamika.

Kaka anavua Migingo. Bila shaka wengi mmelisikia jina hilo kwenye taarifa za habari, kwa ajili ya ule ugomvi wa Kenya na Uganda juu ya nani mwenye kisiwa. Lakini kusikia si kuona. Migingo ni jiwe. Ni jiwe lililochomoza majini likavikwa mabati. Uwanja wetu wa kandanda ni mkubwa kuliko kisiwa chote, na juu ya jiwe hilo wanaishi mamia ya watu: Wajaluo, Waganda, Watanzania, wenye maduka, wenye baa, kinyozi, na polisi. Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya nne wanakuambia afya. Shamba hakuna, hata udongo wa kupanda sukuma wiki hakuna. Kando yake tu kuna kisiwa kingine kikubwa zaidi, Ugingo, nacho hakina makazi. Huwaambii watu wa Migingo habari ya kuchagua kisiwa kitupu. Kitupu wanakiona kila asubuhi, nao wamebaki palepale penye samaki na wenzao.

Likizo ya Aprili ilipokaribia kwisha, karo ya muhula wa pili haikuwa imeonekana. Mama akanituma. "Enda kwa ndugu yako," akasema, "mkiagana awe amekupa mkononi. Za simu zinaliwa njiani." Alikuwa na maana kwamba pesa zikitumwa kwa simu hupita kwenye madeni ya duka kabla ya kufika shuleni. Nilipanda boti ya wavuvi pale Sori alfajiri, na safari ilichukua zaidi ya saa mbili za injini. Kwenye begi nilikuwa na shati moja, kipande cha sabuni, na kitabu cha maktaba ya shule ambacho nilipaswa kukirudisha kabla ya kufunga, nikasahau. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi.

Nilikusudia kulala usiku mmoja. Usiku huo upepo ukaja. Sijui niueleze vipi kwa mtu ambaye ziwa amelionea barabarani pale Homa Bay mjini, likiwa limetulia na magugu yake. Mabati yalilia usiku kucha. Asubuhi mawimbi yalikuwa yakipanda juu ya mawe na boti zote zimevutwa na kufungwa kamba. Tajiri wa boti ya kaka akatazama maji, akatema mate, akasema hakuna kutoka. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu upepo ulipungua kidogo, lakini injini ikakataa, na kipuri kilikuwa kije na boti ya kutoka Sori, ambayo nayo haikuthubutu kutoka. Nilikaa siku nne.

Wavuvi wasipovua hawana la kufanya. Wengine walilala, wengine walicheza karata, wengine walikunywa, na ugomvi ukaanza kunusa mlangoni. Mimi nilikaa kwenye kona ya kibanda cha kaka, ambamo walilala watu sita, nikasoma kitabu changu. Mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akaniuliza:

"We omera, hiyo kitabu inasema nini mpaka husikii ukiitwa chai?"

Nikamwambia ni habari ya msichana mmoja wa kisiwani, na baba yake mlevi, na barua.

"Barua ya nani?"

"Ya mvulana. Baba mtu anaikuta, anampiga."

"Basi soma kwa sauti. Unakula peke yako na wenzako wako na njaa?"

Nikasoma. Mwanzoni nilisoma kama tunavyosoma darasani tukiitwa na mwalimu, mbiombio ili nikae chini. Wakanigombeza. "Polepole, hii si mbio za jogoo." Nilipotaja kijiji cha Namagondo, mtu mmoja aliyekuwa amelala akigeukia ukuta akainuka.

"Bwana mdogo, umesema Namagondo?"

"Ndiyo."

"Namagondo ya Ukerewe?"

"Kitabu kinasema Ukerewe."

"Mimi kwetu Ukerewe," akasema, akawatazama wenzake mmoja mmoja kana kwamba ndiye aliyekiandika. Tangu hapo huyo ndugu Mtanzania akawa ndiye mkubwa wa kikao. Tukifika penye jina la mahali anatusimamisha kutueleza. Mtu akiingia katikati anamrudishia habari tangu mwanzo, na mara nyingine aliirudisha vizuri kuliko mwandishi.

Hapa niseme kidogo juu ya Kezilahabi, maana vijana wengi humtaja kwa mtihani tu. Alizaliwa mwaka wa 1944 hukohuko Namagondo, kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa hilihili linalopiga mawe ya Sori. Rosa Mistika ilitoka mwaka wa 1971, na ikapigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, kwa kuwa ilisema waziwazi mambo yanayowapata wasichana na wanaume wanaowapata. Baadaye iliruhusiwa. Kisha zikaja Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, na mwishoni vile vitabu vyembamba vya Nagona na Mzingile ambavyo nimevijaribu mara mbili na vimenishinda mara mbili. Alifariki mwaka wa 2020. Nimesoma maelezo ya wataalamu kwamba yeye ni mwandishi wa kukata tamaa. Labda. Lakini nimeona kibanda cha watu tisa (maana majirani nao walihamia) kikinyamaza kimya kwa ajili yake, na waliokuwa wakinywa wakaweka chupa chini.

Hawakunyamaza sikuzote, la. Waligombana sana. Zakaria, baba yake Rosa, alipompiga binti, baadhi walisema amefanya sawa, mtoto wa kike akiachwa anaharibika. Yule mwenye mvi akawajibu, "Nyinyi mnaoharibu watoto wa watu hapa ufuoni kwa samaki wawili, leo mmekuwa wazee wa kanisa?" Pakawa kimya kingine, si kile cha kusikiliza. Nisingeweza kuuliza swali kama hilo mbele ya watu wazima. Kitabu ndicho kilichouliza.

Usiku wa tatu sauti yangu ilikauka. Kaka, ambaye muda wote alikuwa kwenye kona akishona wavu, akanyosha mkono. "Leta hapa." Nilimpa kitabu na tochi.

Msomaji, sikuwa nimemsikia kaka akisoma tangu nikiwa shule ya msingi. Alianza vibaya. Vidole vyake vimekatwakatwa na kamba, akawa anashindwa kufungua ukurasa mmoja bila kuchukua mitatu. Akakwama kwenye neno refu, akarudi nyuma, akakwama tena. Mtu mmoja akacheka. Nilitamani kukirudisha kitabu mkononi mwangu. Lakini hakukitoa. Ukurasa wa nne hivi, ile sauti ya zamani ikarudi, ile ya kusoma insha mbele ya darasa, akipanda na kushuka, akimfanya Zakaria aongee kilevi na mama yake Rosa aongee kwa kuchoka. Aliendelea mpaka betri za tochi zikaisha. Hakuna aliyecheka tena. Alipozima alisema jambo moja tu, na hakulisema kwangu wala kwa mtu: "Nilikuwa nimesahau kwamba naweza."

Asubuhi ya siku ya tano maji yalikuwa kama sahani. Boti ya Sori ikafika na kipuri na ikawa tayari kurudi mara moja. Kaka akanihesabia karo: shilingi elfu nane na mia tano, noti nyingine zikiwa na harufu ya mbuta, samaki ambaye vitabuni huitwa sangara. Kitabu kilikuwa bado kina kurasa thelathini na kitu. Rosa alikuwa hajafa. Mimi nilijua mwisho wake kwa sababu nilikuwa nimechungulia, wao hawakujua. Kaka hakuniomba. Alikishika tu kitabu, akanipa, kisha akaendelea kukitazama kikiwa mkononi mwangu. Nikakirudisha kwake, nikapanda boti.

Sasa lile la ofisini. Shuleni nilipoulizwa kitabu kiko wapi, nilisema kilianguka ziwani. Nikatozwa bei ya kitabu kipya na faini juu yake, na pesa hizo nilizitoa kwenye ileile karo, ndiyo maana nilirudishwa nyumbani wiki ya pili kwa upungufu. Mwalimu wa maktaba, kama umefika hapa, kitabu hakikuanguka ziwani. Kilibaki ziwani, na hayo ni mambo mawili. Niwie radhi.

Kwa hivyo lilipokuja lile swali la waandishi watatu, nilijiona nikiulizwa jambo jingine kabisa. Wenzangu walichagua kama watu watakaokaa peke yao, chini ya mnazi, kama yule Robinson Crusoe wa Daniel Defoe. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1719, na katika hadithi hiyo jamaa alikaa kisiwani miaka ishirini na minane. Lakini katika ziwa letu hakuna anayetupwa hivyo. Takawiri, Mfangano, Ringiti, Remba, kote kuna watu, na Remba nasikia wamejazana karibu kama Migingo. Kinachokosekana huko ni kitabu. Kwa hiyo orodha yangu ni ya mtu atakayesomewa, si ya mtu atakayesoma akilala.

Wa kwanza nimeshamtaja. Wa pili ni mzee mwingine wa Ukerewe, Aniceti Kitereza. Aliimaliza hadithi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka wa 1945, kwa Kikerewe, lugha ya kwao. Hakuna aliyeichapisha. Mwishowe akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka Dar es Salaam mwaka wa 1980, katika vitabu viwili vinene. Hesabu mwenyewe: miaka thelathini na mitano. Mwaka wa 1981 akafariki. Hadithi ni ya mume na mke wanaopendana na hawana mtoto, na ndugu wanaotaka kuwatenganisha kwa ajili hiyo. Ndani yake mzee anaeleza kila kitu: watu wanavyolima, wanavyotengeneza pombe, wanavyosalimiana, wanavyotafuta dawa. Mimi nimeisoma nusu ya juzuu ya kwanza tu, kwa mkopo wa mwalimu mmoja aliyenipa siku tatu na hakuongeza. Inakwenda polepole mno. Kwa chumba cha mtihani ni adhabu. Kwa siku nne za upepo, sidhani kuna kinachoishinda.

Wa tatu alinipa taabu. Wanachama wengi walimtaka Shaaban Robert, wengine wakasema anahubiri mno. Ni kweli anahubiri. Hata hivyo katika Kusadikika anamsimamisha Karama mbele ya mahakama ya nchi inayoelea angani, siku baada ya siku, akiwasimulia wakubwa habari wasizotaka kusikia, na wavuvi ninaowajua wanapenda kesi kuliko mpira. Lakini nilikuwa pia na Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Yeye ndiye aliyetupwa kisiwani kweli, ila kisiwa chake kilikuwa na kufuli. Mwaka wa 1968 aliandika kijitabu kiitwacho Kenya: Twendapi?, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na humo gerezani akawa anatunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za choo. Yalitoka kama Sauti ya Dhiki mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Hebu fikiri, Kenya ileile. Kiswahili chake ni cha Kimvita, na maneno mengine sijayaona katika kamusi yetu ambayo kurasa za herufi M zimeng'olewa na watu wa Kidato cha Tatu. Kuyasoma mashairi hayo kwa sauti mbele ya watu ningeona haya, kwa kuwa nisiyoyaelewa ningeyaharibu. Ndiyo maana nilikuwa bado sijaamua.

Kisha mwezi wa Julai nikaletewa barua. Iliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kutoka pakiti ya unga, ikaja kwa mkono wa dereva wa lori linalobeba barafu kwenda Sori. Mwandiko ni wa kaka, na nukta zote zipo mahali pake.

"Omera, salamu. Kitabu tulimaliza. Siku ya Rosa kujiua hakuna aliyekula, na yule mzee wa mvi alitoka nje akakaa kwenye mawe mpaka asubuhi. Sasa ametuma simu nyumbani kuuliza binti yake anasoma darasa gani. Yule wa Ukerewe alipoenda kwao alikiomba, nikakataa, halafu nikampa. Usinigombeze. Sasa hawa watu jioni wananitazama. Tuma kingine. Kisiwe cha kuliza watu. Karo ya muhula wa tatu nitajaribu, samaki wamepungua."

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Siwezi kumpelekea kitabu cha maktaba tena, faini nimeijua. Cha Kitereza hakipatikani. Nilikuwa na shilingi mia nne nilizopata kwa kufulia watu nguo, na pale Homa Bay karibu na stendi kuna mama anayeuza vitabu kuukuu juu ya gunia, vingi vikiwa vya marudio ya mtihani. Chini kabisa ya rundo, baada ya kuinama mpaka akaniuliza kama nimepoteza pesa, nilikikuta Kusadikika, jina la mwenyewe wa zamani likiwa limefutwa kwa kalamu. Aliniuzia kwa mia moja na hamsini. Nilipunguziwa ishirini kwa kuwa kilikuwa kimeliwa na panya pembeni, lakini maneno yote yamo, nilihakikisha ukurasa kwa ukurasa nikiwa nimesimama juani.

Salio nilinunua betri za tochi na daftari moja la kurasa mia mbili. Kwa nini daftari, sikumwandikia.

Nilivifunga vyote ndani ya mfuko wa unga, kisha ndani ya mwingine, nikamngojea dereva wa lori la barafu. Alipoupokea aliupima kwa mkono.

"Ni dawa?"

"Ni kitabu."

"Cha shule?"

"Hapana, cha ndugu yangu."

Akafikiri kidogo, akautia chini ya kiti chake pamoja na mkate wake, mahali ambapo maji ya barafu hayafiki.